Masika Aliyonyamaza Kiyoe

Jumatano, 29 Mei

Leo Fumie katuvunja mbavu. Kaimba ule wimbo wa koti jekundu kama mtu anayefukuza kunguru kwenye mpunga, mashine ikampa alama hamsini na mbili, naye akapiga magoti mbele ya skrini akaishukuru. "Mwaka jana ilinipa arobaini! Nakua, mashoga zangu, nakua!"

Tumekuwa hivi tangu sekondari, mimi, Fumie na Kiyoe. Jumatano saluni ya Kiyoe huwa imefungwa. Mimi nikishaosha masufuria ya jikoni shuleni, na Fumie akishamwachia mwanawe duka la tofu ya soya, tunakutana kwenye vyumba vya karaoke nyuma ya stesheni, tunaimba mpaka saa ya kwenda kupika chakula cha jioni. Nyimbo ni zile zile za pop tulizokuwa tukiziimba na sare za shule mwilini. Hatuzitaji kwa majina yake. Tunasema tu "niwekee wa koti jekundu", "wa theluji ya Machi", "wa kibanda cha simu".

Wa kibanda cha simu ni wa Kiyoe. Hatukukaa tukaamua hivyo, lakini hakuna mwingine anayeushikia maiki. Mwishoni kabisa, msichana anapotambua kwamba simu haitapokewa, sauti hupanda ghafla mpaka juu, na Kiyoe huwa anafika kule bila hata kukunja uso. Kwa miaka yote hii mimi nimekuwa namba mbili. Naimba vizuri. Lakini watu wakishamsikia Kiyoe, hakuna atakayekumbuka kuwa wewe uliimba vizuri.

Leo hakufika. Sauti ilipanda nusu, ikakatika kama uzi.

"Umemeza mwiba wa samaki?" Fumie akamuuliza.

"Dawa ya nywele hiyo. Nakaa ndani ya ule moshi kutwa."

"Tangu mwezi wa nne unasema dawa ya nywele. Nenda ukaonwe, we mwanamke."

Kiyoe akaifuta maiki kwa kitaulo, akanikabidhi. "Haya, Mutsumi. Theluji yako hiyo inaanza."

Alhamisi, 30 Mei

Mchuzi wa kari shuleni. Watoto wamelamba masufuria. Miguu inaniuma.

Jumatano, 5 Juni

Kiyoe kaja na chupa ya maji ya tangawizi na asali. Kachagua nyimbo za chini tu, zile ambazo siku zote huzidharau. Hata hizo zilikuwa zinamkwaruza. Mara moja alisimama katikati ya ubeti akawa anatazama maneno yakibadilika rangi kwenye skrini, moja baada ya jingine, kama mtu aliyeachwa na treni.

Nilipata alama nyingi kuliko yeye. Fumie akapiga makofi, kisha akayaacha.

Jumatatu, 10 Juni

Redio imetangaza kwamba masika yameanza rasmi. Kama vile hatukuwa tumeona. Nimetia chumvi plamu za kuweka akiba usiku wa kuamkia leo na nyumba nzima inanukia uchachu. Nakaa peke yangu tangu tuachane na baba Koharu, na Koharu mwenyewe yuko Osaka, lakini bado natengeneza plamu za kulisha watu watatu.

Jumatano, 12 Juni

Kiyoe hakuja. Yupo hospitali ya wilaya, anapimwa. Mimi na Fumie tulikaa chumbani na chai yetu, hatukuwasha mashine. Fumie alisema ni vinundu tu, waimbaji wote hupata vinundu. Alilisema mara nyingi mno.

Ijumaa, 14 Juni

Nilikwenda saluni kupaka rangi. Hakukuwa na mteja mwingine, mvua ilikuwa ikimwagika. Kiyoe alinilaza kichwa kwenye beseni, akanifunika macho kwa kitaulo kama kawaida, akaanza kuniosha. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilikuwa nimeanza kusinzia.

"Mutsumi," akasema kwa ile sauti yake mpya ya kukwaruza, "usiinuke. Lala hivyo hivyo. Ni saratani."

Nikataka kuinuka. Akanizuia kwa mkono.

"Ipo kwenye kongomeo. Wanataka kulitoa lote."

"Lote vipi?"

"Lote. Halafu watatoboa hapa." Akanigusa shingoni kwa kidole kilicholowa, chini kidogo, kwenye kishimo. "Nitakuwa napumulia hapa. Mdomo utabaki wa kulia chakula."

"Na kuimba?"

Hilo ndilo nililouliza. Nililiuliza kabla ya kuuliza kama atapona.

Akacheka kidogo, au alikohoa, sikuweza kujua chini ya kile kitaulo. "Hata kusema 'karibu' kwa mteja, sahau. Wana kifaa fulani unabandika shingoni, kinatoa sauti kama roboti. Daktari kanionyesha. Kijana mzuri, anazungumza polepole kama nimekuwa mtoto."

"Mionzi je?"

"Wamesema labda ningekuja mwezi wa pili. Sasa nimechelewa."

"Na usipokatwa?"

"Mwakani masika yakianza, mtakuwa wawili." Akaendelea kunisugua kichwa, vidole vyake vikizunguka nyuma ya masikio pale ninapopenda. "Sijasema ndiyo. Eisaku nimemwambia jana. Kaenda kuzima hita ya maji. Hicho ndicho alichofanya. Mume wangu huyo."

Eisaku ninamjua. Ni mtu wa idara ya maji aliyestaafu, mtu wa televisheni. Kiyoe akiimba jikoni, yeye huongeza sauti ya mechi. Nimekuwa nikimwona kama kabati lililowekwa mahali pabaya.

"Ungekuwa wewe?" Kiyoe akaniuliza.

"Sijui."

"Sema tu. Sitakushika neno."

"Sijui, Kiyoe. Fanya utakavyo moyo wako."

Akafunga maji. Akanizungushia taulo, akaniinua. Kwenye kioo alikuwa nyuma yangu, uso mkavu kabisa, anatafuta kitana.

Jumapili, 16 Juni

Wamegombana, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa dukani kwa Fumie, baada ya kufunga. Fumie alikuwa anamwaga maji ya tofu, na mabuti yake ya mpira miguuni. Kiyoe akamwambia kila kitu akiwa amesimama, kisha akasema kwamba anafikiri hatakubali kukatwa.

Fumie akaweka ndoo chini. "Hebu rudia."

"Nafikiri nitaacha tu."

"Uache? Ufe? Ufe kwa ajili ya kibanda cha simu?"

"Si wimbo, Fumie."

"Basi ni nini? Sema! Ungali na sauti, itumie!"

"Saluni yangu ni mdomo. Wale bibi hawaji kwa ajili ya nywele, nywele zenyewe hawana. Wanakuja kuongea. Nikinyamaza, nini kinabaki? Eisaku na televisheni?"

"Unabaki wewe."

"Wewe hujui kuimba," Kiyoe akasema. Hakupaza sauti, hana ya kupaza. "Hujawahi kujua. Ndiyo maana huelewi ninachoambiwa nitoe."

Nilidhani Fumie atalia. Hakulia. Alivua glavu, akazitundika kwenye msumari wake. "Kweli sijui. Mimi najua kuzika. Nilimzika mume wangu Genzo nikiwa na mtoto mgongoni. Wafu hawaimbi, shoga yangu. Hata vibaya hawaimbi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe je? Umesimama hapo kama mwavuli. Mwambie!"

Nikasema huo ni uamuzi wake Kiyoe.

"Ah," akasema Fumie. "Mtu wa watu wote."

Tukarudi, mimi na Kiyoe, kila mmoja chini ya mwavuli wake. Njia nzima niliwaza kwamba Fumie hana adabu, na kwamba mimi nimeonyesha heshima.

Jumatano, 19 Juni

Hatukukutana. Nimeona ukungu nyuma ya kabati, nimeufuta kwa siki.

Ijumaa, 21 Juni

Kiyoe kapiga simu. Nilidhani ni mtu amekosea namba, mpaka nikaelewa kwamba ule upepo ni yeye.

"Nimekubali. Tarehe mbili mwezi ujao. Mwambie Fumie ameshinda."

"Mwambie mwenyewe."

"Nikimpigia nitamtukana, na maneno niliyobakiwa nayo si mengi. Jumatano mje wote. Nataka tuimbe."

Jumatano, 26 Juni

Tulikwenda mapema. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyosikika. Fumie kaja na tofu ya kukaanga na vitunguu, kavaa koti jekundu la plastiki la mvua, nadhani kwa makusudi, ili tucheke. Tukacheka. Hawakuongelea Jumapili ile. Kiyoe alimwekea kipande cha tofu kwenye sahani, Fumie akakila, nikadhani yamekwisha.

Tuliimba zote. Wa theluji ya Machi, wa boti za Septemba, ule wa wasichana wawili wanaompenda mvulana mmoja, ambao huwa tunaugawana, na Fumie ndiye mvulana. Kiyoe aliimba kila wimbo, kwa kunong'ona, mdomo umeibusu maiki. Mashine haikumwelewa. Ilimpa alama za mlevi.

Nikatoa simu nimrekodi. Akaifunika kwa kiganja.

"Nilikataa nilipokuwa na sauti, nikubali leo?"

Ni kweli, hakupenda kurekodiwa. Alisema akijisikia kwenye simu anasikia mtu mwingine. Miaka yote tulimwacha, kwa sababu Jumatano ijayo ilikuwepo daima.

Kisha akasema, "Sasa nagawa."

"Unagawa nini?" Fumie akauliza.

"Nyimbo. Mutsumi, wa kibanda cha simu ni wako. Fumie, chukua wa boti za Septemba, nimekuona unavyoutamani, na hauna mahali pa juu pa kukuumbua."

"Sitaki."

"Chukua."

"Mimi sirithi mtu aliye hai," Fumie akasema, na sasa ndiyo alilia, mdomo umejaa tofu. "Nyimbo hazina mwenyewe. Utakuja hapa, utakaa hapo, utatusikiliza, utatuzomea kwa mikono. Kugawa, kugawa! Umekuwa mzee wa ukoo?"

Kiyoe aliweka wa kibanda cha simu. Aliuanza mwenyewe, na ubeti wa kwanza alienda nao mpaka mwisho, na ninaapa ulikuwa mzuri, sauti kama karatasi inayokunjwa taratibu. Wa pili ukamfia mdomoni. Akaninyooshea maiki.

Nikaimba. Sijawahi kuuimba mbele ya mtu, lakini nimeuimba bafuni tangu nina miaka kumi na saba, na najua kila pumzi yake. Nilipokaribia ile sehemu ya juu nilifumba macho. Nikafika. Nikabaki kule juu, na hakukuwa kugumu hata kidogo.

Mashine ikatoa tisini na nne. Kiyoe hajawahi kupita tisini na tatu.

Nilifurahi. Niandike tu ilivyokuwa: kwa muda wa pumzi moja, rafiki yangu akiwa pembeni yangu na siku sita za kusema zimembakia, nilifurahi kupita kiasi. Nikageuka kumtazama nikiwa bado na furaha hiyo usoni, naye akaiona.

"Si nilisema," akanong'ona. "Wako huo."

Fumie alikuwa amekwishavaa koti lake.

Jumatatu, 1 Julai

Nimempigia. Kapokea Eisaku. Kasema Kiyoe amelala, mchana ule.

Jumanne, 2 Julai

Wamemwingiza asubuhi, wamemtoa jioni. Imekwenda vizuri, kasema Eisaku. Sijui neno "vizuri" linafanya nini pale.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda kumwona, peke yangu. Fumie ana oda za sikukuu ya nyota, kasema.

Kiyoe ameketi kitandani na bomba puani na kitambaa chembamba shingoni, na kitambaa hicho kinaingia na kutoka. Nimewahi kuona paka anayepumua hivyo. Ana ubao wa kuchorea wa watoto, ule unaofutwa kwa kuvuta kijiti, na kwenye ubao huo akaandika: *Usinitazame shingo.*

Nikatazama dirishani. Nikamweleza habari za shule, kwamba mtoto wa darasa la pili ametapika biringani kwenye viatu vya mwalimu. Mabega yake yakatikisika. Anacheka, nikajua, lakini chumba kilikuwa kimya, na ile hewa ikapiga mluzi shingoni, kisha kikaja kikohozi, ute ukaruka kwenye shuka. Aliuona. Hakuandika chochote tena mpaka nikaondoka.

Eisaku alinifuata kwenye korido. Amekonda. Alisimama mbele ya mashine ya vinywaji, ananunua chai ya chupa ambayo hakuinywa.

"Bi Mutsumi, samahani. Nina ombi."

"Sema, Bwana Eisaku."

"Sauti yake mnayo? Kwenye simu. Akiimba."

"Hapana. Alikuwa hataki."

"Hata kwa bahati mbaya? Hata kidogo?"

"Hapana."

Akawa anaizungusha ile chupa mkononi. "Miaka yote hiyo, kila Jumatano," akasema. Hakuwa anatulaumu. Alisema kama mtu anayehesabu kitu kikubwa mno. "Mimi nilikuwa naongeza sauti ya televisheni. Unajua kwa nini? Akijua namsikiliza alikuwa anaacha. Aliona haya kwangu, tangu tuoane. Kwa hiyo nilikuwa naongeza, ili aendelee. Halafu nasikiliza kwa chini ya ile mechi." Akainamisha kichwa. "Nimesikia nusu nusu tu. Nilidhani iko siku nitakuja kusikia yote."

Nilimwinamia, naye akaniinamia, tukaendelea kuinamiana pale kama watu wawili wanaoombana radhi mlangoni.

Kwenye basi nikatambua kwamba Kiyoe hajui. Na kwamba mtu wa kumweleza ni Eisaku, naye hatamweleza kamwe.

Jumatatu, 8 Julai

Nilimweleza Fumie kuhusu ombi la Eisaku. Akajifuta mikono, akatafuta kwenye simu yake kwa muda mrefu, akapata. Ni siku aliyotuletea keki, miaka kadhaa nyuma. Alikuwa anarekodi keki, si mtu. Nyuma ya keki Kiyoe anaimba wa kibanda cha simu, na mbele, karibu kabisa na simu, Fumie mwenyewe anaimba naye, kwa ile sauti yake ya kufukuza kunguru. Kiyoe anasikika pale tu Fumie anapovuta pumzi.

Tukaisikiliza kaunta ikiwa kati yetu. Inapofika sehemu ya juu, Fumie kwenye simu anapiga kelele ya furaha, na sauti ya Kiyoe inazama chini yake yote. Haisikiki kabisa. Kisha anasikika akicheka, anasema, "Hebu nyamaza, we kunguru!"

"Ningejua," Fumie akasema, "ningefunga huu mdomo."

Akamtumia Eisaku hivyo hivyo. Anasema Eisaku alimjibu neno moja tu, asante, na saa moja baadaye akaandika tena, asante.

Jumatano, 10 Julai

Mvua. Fumie hakwenda hospitali. Mimi nilikwenda, Kiyoe alikuwa kwenye vipimo.

Jumapili, 14 Julai

Mto umejaa, wametangaza watu wa bondeni wakae tayari. Viatu vyangu vimeota ukungu wa kijani. Nimepita dukani kumwambia Fumie twende wote kesho. Kasema mgongo unamuuma. Nikamwambia, wewe ndiye uliyemsukuma akatwe, sasa unajificha. Akakata tofu, akaiweka kwenye maji, akakata nyingine.

"Ukweli," akasema bila kunitazama. "Ninajificha."

Niliondoka nimekasirika. Nilipofika nyumbani sikuwa na hasira tena, nilikuwa namwonea wivu: alichagua kitu na sasa kinamuuma. Mimi hakuna kinachoniuma.

Jumamosi, 20 Julai

Kiyoe ametoka. Amekaa sebuleni kwake na kitambaa cha maua shingoni, Eisaku anapika uji jikoni, anaunguza. Kile kifaa cha shingoni kiko kwenye sanduku lake juu ya kabati. Alikijaribu mara moja, kaandika, na jirani akauliza kama wamenunua mashine ya kunyolea.

Saluni haitafunguliwa. Si sauti tu. Daktari kasema vipande vya nywele vikiingia kwenye tundu vitamdhuru, na moshi wa dawa, na mvuke. Ameandika haya kwa mwandiko mzuri, akafuta, akangoja nimalize kusikitika.

Nikamwambia Fumie anamsalimu. Si kweli, lakini angemsalimu.

Akaandika: *Fumie alikuwa sahihi. Ndiyo maana sitaki kumwona.*

Nikauliza, "Na mimi?"

Akafikiri. Akaandika, na safari hii alichukua muda: *Wewe hukuniambia lolote. Kwa hiyo naweza kukaa nawe.*

Alitabasamu alipokuwa akinionyesha. Nadhani alidhani ni jambo zuri kuambiwa. Nilikula uji wote ulioungua.

Alhamisi, 25 Julai

Shule zimefungwa. Nimelala mpaka saa tatu.

Jumatano, 31 Julai

Kiyoe ndiye aliyetaka. Aliandika kwenye simu: *Leo Jumatano. Twende.* Nikajibu kwamba mvua ni kubwa. Akajibu: *Najua.*

Kijana wa mapokezi alimsalimu kwa jina, akangoja ajibiwe. Nikajibu mimi. Walitupa chumba chetu kile kile, kochi lile lile lililopasuka. Kiyoe alikaa mahali pake, akachukua rimoti akaanza kuchagua. Nikadhani ananichagulia. Nikashika maiki. Akaichukua mkononi mwangu taratibu, akanionyesha kwa kidole: kaa.

Aliweka wa theluji ya Machi. Muziki ukaanza, maneno yakaanza kubadilika rangi. Alisimama wima kama anavyosimama, mguu mmoja mbele, na mdomo wake ukaenda na kila neno, kwa wakati wake hasa, hakukosea hata silabi moja. Alivuta uso pale anapovuta uso. Alifumba macho pale anapofumba. Hakukuwa na chochote. Palikuwa na ngoma na gitaa na mvua juu ya paa la bati la banda la baiskeli nje.

Wimbo ukaisha. Mashine ikafikiri, kisha ikaandika kwenye skrini kwa herufi za waridi: *Sauti haijasikika. Tafadhali sogeza maiki karibu.*

Nikasema, "Tuzime, Kiyoe. Twende tukale tambi."

Akaisoma ile ya mashine mpaka ikapotea. Kisha akaweka wa boti za Septemba, akavuta kitambaa chake cha maua chini kidogo, akaiweka maiki pale, kwenye tundu.

Pumzi yake ikajaa chumba. Spika zote nne. Kuvuta, kutoa, kuvuta, na ndani yake kitu kinachokwaruza, maji maji, karibu mno, kama sikio langu limewekwa ndani ya kifua chake. Aliitoa kwa mapigo ya wimbo. Alijaribu, nawaambieni, alijaribu kuipandisha pale inapopanda. Nilitaka kuziba masikio, nikakalia mikono yangu. Niliwaza kwamba Fumie angekuwepo angepiga kelele, angeimba juu yake kwa nguvu zote, vibaya, mpaka isisikike. Nilijua hilo ndilo jambo la kufanya. Maiki ya pili ilikuwa mezani mbele yangu. Wa boti naujua wote. Sikuichukua. Nilikaa kwa adabu, nikasikiliza mpaka mwisho.

Alama zilikuja. Sikuzitazama, naye hakuzitazama. Aliifuta maiki kwa kitaulo, kwa uangalifu, kichwa chake na shingo yake, kama anavyomfutia anayefuata. Akairudisha kwenye kikapu. Kwenye ubao akaandika neno moja, *Basi*, akavuta kijiti, likafutika.

Ijumaa, 2 Agosti

Redio imetangaza masika yamekwisha. Jua kali toka asubuhi, mtaa mzima umeanika magodoro. Nilipita kwa Kiyoe. Eisaku alikuwa juu ya ngazi, anang'oa kibao cha saluni, na dirisha la juu lilikuwa wazi. Televisheni ilikuwa imezimwa. Alinipungia mkono na bisibisi. Sikuona mtu dirishani.

Jumatano, 7 Agosti

Nilimwandikia Kiyoe asubuhi. Alijibu kwamba amechoka. Nilifurahi kwamba amechoka.

Mchana nilikwenda kununua tofu. Fumie alikuwa peke yake dukani, feni inampuliza nywele usoni.

"Hajambo?" akauliza.

"Anakula."

"Vizuri. Kula ni kuzuri." Akachovya mkono kwenye maji ya barafu, akatoa kipande, akakifunga. "Mkaenda, nimesikia."

"Tulikwenda."

"Ikawaje?"

Nikaona hakuna namna ya kumweleza ambayo mimi ningeonekana nina utu ndani yake.

"Mvua ilikuwa kubwa," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akanipa tofu, nikaishika, na tukabaki pale kila mmoja upande wake wa kaunta, tukitabasamu kidogo, kama watu wanaomsubiri wa tatu afike ndipo maongezi yaanze. Kisha mteja akaingia, Fumie akamwambia karibu, nami nikatoka juani.